Historia ya Kipimo cha Matiti, na Njia ya Mgonjwa wa Bandari ya Juba



Ndugu zetu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, mara hii darsa yetu ya historia haihusu vita wala wafalme. Tumechagua jambo ambalo katika nyumba nyingi hutajwa kwa kunong'ona, nalo ni saratani ya matiti, pamoja na kile kipimo cha picha kinachoitwa mamografia. Huenda akatokea wa kuuliza: mwalimu wa madrasa na matiti ya wanawake, wapi na wapi? Tunamjibu kwamba mengi yanayomzuia mama wa Kiislamu asiende kupimwa husemwa kwa jina la dini. Mama akisema "hayo ni majaaliwa", au "mimi sivui nguo mbele ya mtu", maneno hayo hakuyatoa hospitali. Ameyasikia nyumbani na darasani. Basi wanaofundisha darasani wana haki ya kuulizwa.

Tunaandika kutoka Bandari ya Juba, na hapa mto ndio kalenda yetu. Matishari yanakuja na mahindi, saruji, mafuta na watu. Tangu zama za Waingereza meli za mvuke zilipanda kutoka Kosti hadi Juba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400 za maji. Vita vilivyoanza 1983 vikaifunga njia hiyo kwa wasafiri wa kawaida, na baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 matishari yakarudi. Maji ya Nile hushuka kaskazini, na wagonjwa wetu nao kwa miaka mingi walishuka kaskazini. Aliyeambiwa anahitaji tiba ya mionzi alitazama Khartoum, mwenye uwezo kwa ndege na asiye nao kwa njia yoyote aliyoipata. Hata baada ya uhuru wa Sudan Kusini, tarehe 9 Julai 2011, mpaka uliongezeka lakini mashine ya mionzi ilibaki kule kule.

Kisha tarehe 15 Aprili 2023 vita vikalipuka ndani ya Khartoum yenyewe. Hospitali nyingi za mji ule zilisimama. Watu walioshuka kaskazini miaka ya nyuma wakaanza kupanda kusini, wakafika Renk, wakaingia kwenye matishari hadi Malakal, na baadhi yao wakaja mpaka huku kwetu. Ndani ya umati ule walikuwamo wagonjwa walioacha matibabu katikati. Ile njia ya kaskazini ambayo wengi waliizoea ikakatika. Kwa hiyo swali la lini ugonjwa umegunduliwa, ambalo zamani tuliliachia madaktari, sasa ni swali la kila nyumba. Kivimbe kidogo huenda kikaondolewa kwa upasuaji kabla hakijatambaa. Kikishafika kwenye mifupa, mapafu au ini, mambo huwa mazito hata kwa nchi tajiri.

Hili la kuwahi halikuanza na Wazungu. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliliandika katika kitabu chake cha al-Tasrif, kwenye sehemu ya upasuaji. Alieleza kwamba saratani ikiwa bado ndogo, mahali panapowezekana kuing'oa yote kama vile titi, tabibu aikate. Ikishakuwa kubwa na ya siku nyingi, asiisogelee, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kumponya mtu wa namna hiyo wala hakumuona tabibu mwingine aliyeweza. Tunawaomba wanafunzi wetu wautazame ukweli wa mtu huyu. Alikuwa bingwa wa zama zake, na akaandika waziwazi pale uwezo wake ulipokoma.

Kilichomkosesha al-Zahrawi ni jicho la kuona ndani ya mwili. Jicho hilo lilipatikana Novemba 1895, Wilhelm Röntgen wa Ujerumani alipogundua miale ya eksirei. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Berlin, Albert Salomon, alichapisha kazi yake juu ya matiti kama 3,000 yaliyokwisha kuondolewa kwa upasuaji. Aliyapiga picha moja moja, akalinganisha picha na nyama yenyewe, akaona namna saratani inavyotandaa na vile vidoadoa vidogo vinavyoonekana ndani yake. Yeye hakuifanya kazi hiyo kwa wanawake walio hai, na mwaka 1933 utawala wa Wanazi ukamwondoa chuoni kwa kuwa alikuwa Myahudi. Mwaka 1930 Stafford Warren, wa mji wa Rochester kule Marekani, akatoa taarifa za picha za wanawake walio hai. Mwaka 1949 Raul Leborgne wa Uruguay akaonyesha kwamba titi likibanwa picha huwa safi zaidi. Akina mama wanaolalamika kwamba mashine inabana na kuumiza wajue chanzo chake ni hapo: nyama ikitandazwa, kilichojificha hutokeza. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston akaeleza namna ya kupiga picha hizo ambayo hospitali nyingine ziliweza kuifuata na kupata matokeo yale yale.

Hadi hapo mashine ilikuwepo, lakini hakuna aliyejua kama kuwapima wanawake wasio na dalili yoyote kunaokoa maisha. Aliyekwenda kulitafuta jibu ni Philip Strax, daktari wa New York ambaye mke wake alikufa kwa saratani ya matiti akiwa bado kijana. Kuanzia mwaka 1963, yeye na wenzake Sam Shapiro na Louis Venet waliwachukua wanawake wapatao 62,000 wa shirika moja la bima ya afya, wenye umri wa miaka 40 hadi 64, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja liliitwa kupimwa kila mwaka kwa picha na kwa mkono wa daktari, jingine likaendelea na matibabu yake ya kawaida.

Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo. Wale madaktari hawakuweka mashine kisha wakangoja. Waliandika barua, wakapiga simu, wakawafuatilia waliosita, na bado karibu theluthi moja ya walioitwa hawakuja. Hao walikuwa wakazi wa New York, wenye bima, wenye treni chini ya ardhi, tena bila kudaiwa hata senti! Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kusita ni tabia ya Waafrika au ya Waislamu. Baada ya miaka kumi vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 30. Na kuna hesabu nyingine ndani ya utafiti ule ambayo husahaulika: katika saratani 132 zilizogunduliwa kwenye kupimwa huko, 44 zilionekana kwa picha peke yake, 29 kwa picha na mkono pamoja, na 59 kwa mkono tu. Picha za wakati ule hazikuwa na ubora wa leo, hilo ni kweli. Lakini mkono uliofundishwa ulikuwa na sehemu kubwa katika ushindi ule, na sisi tusio na mashine ya kutosha tuna sababu ya kuikumbuka hesabu hiyo.

Kizuizi kingine kilikuwa aibu ya kutaja. Septemba 1974 Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alipasuliwa titi na hakuficha. Magazeti yakaandika, na wanawake wengi wakajaa kwenye vituo vya kupimia. Mwaka 1977 ukaanza utafiti mkubwa wa Sweden katika majimbo mawili, ukiongozwa na László Tabár. Matokeo yaliyotolewa 1985 yalionyesha vifo kupungua kwa asilimia 31. Uingereza ikaanzisha mpango wa taifa mwaka 1988, na leo huwaita wanawake kuanzia miaka 50 hadi kabla ya kutimiza 71, kila baada ya miaka mitatu. Marekani mwezi Aprili 2024 jopo la wataalamu lilipendekeza miaka 40 hadi 74, kila baada ya miaka miwili. Mabishano hayajaisha, kwa sababu kipimo hiki nacho kina hasara zake: wengine hutiwa hofu bure, na wengine hutibiwa uvimbe ambao pengine usingewadhuru maisha yao yote.

Je, basi tudai tu mamografia kila mtaa wa Juba? Tungependa, lakini tuseme ukweli. Titi la mwanamke kijana huwa na nyama nzito inayotoka nyeupe kwenye picha, na saratani nayo hutoka nyeupe, kwa hiyo moja humezwa na nyingine. Nchi zetu zina vijana wengi, na wagonjwa wetu wengi hawajafika miaka 50. Tena mashine inataka umeme, vipuri, fundi na daktari wa kuzisoma picha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 liliziambia nchi zenye huduma dhaifu kwamba mpango wa mamografia kwa wote haufai kwao, zianze na kuzitambua dalili mapema, na kwamba kupima kwa mkono kunaleta matumaini. Mjini Mumbai, India, wanawake waliofundishwa kazi hiyo walipita katika mitaa ya mabanda kuanzia 1998, wakiwapima wenzao kwa mkono kila baada ya miaka miwili. Utafiti ulihusu wanawake zaidi ya 151,000, na matokeo yalitoka 2021: kwa jumla ya umri wote kupungua kwa vifo hakukuthibitika kwa hesabu, ila kwa waliofika miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, kwa ardhi, kwa dini na hata kwa mto, ni wa Gezira, huko Sudan. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Gezira mjini Wad Medani walichoka kuwaona akina mama wakifika wakati ugonjwa umekwisha kutapakaa. Kuanzia Januari 2010, Juba ikiwa bado ndani ya Sudan moja, wakachagua eneo la vijiji linaloitwa Keremet. Hawakupeleka gari la mamografia. Waliwafundisha wanawake wa vijijini mle mle waliojitolea, wakawaonyesha namna ya kupapasa titi na kutambua lisilo la kawaida, nao wakaingia nyumba kwa nyumba.

Mgeni wa mjini angebishiwa mlango, lakini huyu anayegonga ni binti wa fulani, alisoma na dada yako, na mama yake alikuja kwenye matanga yenu. Katika wanawake 14,788 wa Keremet, 10,309 walikubali kupimwa, yaani asilimia 70. Tuweke hesabu hiyo kando ya ile ya New York, ambako theluthi moja hawakuja, tuone. Waliokutwa na kitu walikuwa 138, na 118 kati yao walifika hospitali. Katika hao, 101 walikuwa na uvimbe usio saratani, wakarudi nyumbani na amani yao. Wanane walikuwa na saratani ambayo bado haijatoka ilipoanzia, na tisa saratani iliyokwisha kuvuka mipaka yake. Katika hawa 17, baada ya matibabu, 12 walikuwa hawana tena dalili ya ugonjwa. Kwenye vijiji vya eneo jingine la kulinganisha, ambako hakuna aliyegonga mlango, waliofika hospitali walikuwa wachache mno, na saratani zao zilikuwa zimesonga mbele. Taarifa hii ilichapishwa mwaka 2013 katika jarida kubwa la madaktari wa saratani duniani. Mwaka huo huo wa 2010, mjini Khartoum, Dkt. Hania Fadl, bingwa wa picha za matiti aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alifungua kituo cha matiti chenye mamografia kwa msaada wa tajiri Msudani Mo Ibrahim. Kwa hiyo vyote viwili, mkono wa kijijini na mashine ya mjini, vilikuwa njia moja. Desemba 2023 vita vikafika Wad Medani nako. Tunaitaja Gezira kwa huzuni, lakini yaliyojulikana pale hayakuteketea.

Sasa tuje kwenye yale yanayosemwa kwa jina la dini. La kwanza ni majaaliwa. Mwaka wa 18 Hijria (639) Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anatoka kwenye qadar moja ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadar nyingine ya Mwenyezi Mungu. Wanafunzi wetu wanakijua kisa hiki tangu utoto, ila ni wachache wanaokipeleka jikoni kwa mama zao. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watumie dawa, aliwaambia watumie. Anayesoma ruqya na asome, na anayekunywa kombe na anywe, wala visomo havimfungi mtu mlango wa hospitali.

La pili ni sitara. Hili hatulipuuzi wala hatupendi linapochekwa, kwani haya ni katika imani. Lakini mafakihi wetu walikwisha kulishughulikia: haja ya matibabu huruhusu kufunua kiasi kinachohitajika na si zaidi, na akipatikana mwanamke wa kutibu hutangulizwa. Huko Madina, Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa kwenye hema la mwanamke, Rufaida, lililokuwa msikitini. Ikiwa mwanamke aliwauguza wanaume mbele ya Mtume (S.A.W.), mwanamke kumpima mwanamke mwenzake kuna ugumu gani? Katika mpango wa Uingereza tuliotaja, kazi ya kupiga picha za matiti imewekewa wanawake. Na huko Chicago, Dkt. Aasim Padela na wenzake walipeleka mafunzo msikitini kwa wanawake wa Kiislamu wa miaka 40 na zaidi waliokuwa hawajapimwa. Walioongoza vikao walikuwa wanawake, na hoja za majaaliwa na za haya zikajadiliwa kwa lugha ya dini yenyewe. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wenye mabinti wenye akili ya sayansi wasiwakatishe masomo. Sitara ya mama zetu inategemea wauguzi na madaktari wanawake, na hao hutoka kwenye nyumba zetu.

Lipo la tatu ambalo halina kisingizio cha dini, nalo ni mume, na akina baba mtuvumilie. Wapo wanawake wanaoficha uvimbe kwa kuogopa kuachwa au kuolewa mke mwingine juu yao. Na mgonjwa wa Juba anayehitaji mionzi leo hutazama kusini: kilomita 192 za lami hadi Nimule, kisha aendelee hadi Kampala au Nairobi, na nauli hiyo kwa kawaida iko mfukoni mwa mwanamume. Hata huko hakuna dhamana kamili. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika ikawa haitengenezeki, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Kwa hiyo anayechelewa akitegemea safari afahamu kwamba safari yenyewe nayo ina mitihani yake.

Basi mama afanye nini? Ajizoeze kuyajua matiti yake, siku chache baada ya hedhi kwisha, wakati hayajajaa wala kuuma. Aangalie kivimbe kipya kwenye titi au kwapani, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, chuchu inayotoa damu, au kidonda kisichopona. Asingoje maumivu, kwa maana saratani changa mara nyingi haiumi. Akifika hospitali anaweza kuomba apimwe na mwanamke, na kuingia na dada au mama yake. Daktari akisema kivimbe kipigwe picha ya ultrasaundi, au kitolewe kipande kidogo kwa sindano kikapimwe, akubali. Sindano haiisambazi saratani kama wanavyodai watu mitaani, na bila ya kipande hicho hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni kitu gani. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba kutoka siku mgonjwa anapofika hadi jibu kamili zisipite siku 60. Baba anayeandika matumizi ya nyumba aiandike na tarehe hiyo.

Tukirudi Keremet, kulikuwa na 20 katika wale 138 ambao mkono ulikwisha kugusa kitu, wakaambiwa, na hospitali hawakwenda. Tunapolisoma darasani somo hili tunawauliza wanafunzi sababu zao zingeweza kuwa zipi. Wavulana husema fedha. Wasichana hunyamaza kwanza, kisha mmoja wao husema: labda hakukuwa na wa kumwachia watoto.

Wabillahi tawfiq.